Sura ya Tisa: Sindano Isiyokuwepo

"Kwa hiyo hii ndiyo iliyomlaza mtu wodini?" Fundi Kimya aliuliza, akiizunguka pikipiki kwa mara ya tatu. "Mbona yenyewe haijaumia sana? Siti, tairi la nyuma na taa moja. Injini mbichi kabisa!"

Jina la Kimya alipewa kwa masihara na mafundi wenzake, maana tangu afungue gereji ile hakuna aliyewahi kumwona amefunga mdomo. Inspekta alimvumilia tu. Katika mji mzima hakukuwa na mtu mwingine aliyezijua pikipiki za aina ile, na aina yenyewe iliacha kutengenezwa zamani.

"Majirani waliwahi na mchanga," alisema. "Ndoo tatu."

Akaangalia saa yake ya mkononi. Saa tatu na robo asubuhi. Saa nane mchana jalada lilitakiwa liwe mahakamani, na ndani ya jalada hilo kulikuwa na kijana wa miaka ishirini na minne aliyeandikiwa shtaka la kujaribu kumuua kaka yake, wa tumbo moja. Daktari alikuwa amesema mgonjwa akivuka siku ya leo kuna matumaini. Asipovuka, basi neno "kujaribu" lingefutwa, na kijana wa watu angekwenda na maji.

Ushahidi ulikuwepo, tena wa kutosha. Kaka mtu alirudi nyumbani wiki mbili zilizopita, baada ya miaka minne ya kutafuta maisha mbali, akaikuta pikipiki ya marehemu baba yao imefunikwa turubai stoo. Ilikuwa haijawashwa kwa miaka mitatu, tangu mzee alipoanza kuugua. Akamtafuta mnunuzi. Mdogo mtu akaja juu. Jumapili walizozana uani mpaka majirani wakapanda ukutani kuchungulia, na wote walimsikia mdogo akisema, "Pikipiki hii haitoki hapa nikiwa hai!" Jumanne asubuhi stoo ikawaka, kaka mtu akiwa ndani. Chini ya pikipiki yalikutwa magunia yaliyolowa petroli, na pembeni chupa tupu ya lita mbili yenye alama za vidole vya mdogo. Alipokamatwa hakukana wala hakukiri. Siku tatu sasa, alikuwa hajatamka zaidi ya jina lake.

Maneno "magunia yaliyolowekwa petroli" aliyaandika Inspekta mwenyewe, kwa mkono wake, siku ile ile ya moto. Tangu hapo hakulala vizuri. Yaliyolowekwa na nani? Yeye alimwona anayeloweka? Alikuwa ameandika kitu asichokiona, na sasa karatasi ilikuwa inamsemea.

"Nataka kujua jambo moja tu," alisema. "Petroli inaweza kufika kwenye magunia bila mtu kuimwaga?"

Fundi Kimya akacheka. "Afande, hilo ni swali au zawadi? Kila wiki naletewa moja ya namna hiyo. Sikiliza. Mafuta yanatoka kwenye tangi, yanapita kwenye hii koki, yanaingia kabureta. Ndani ya kabureta kuna bakuli, na ndani ya bakuli kuna boya linaloelea. Bakuli likijaa, boya linapanda, linasukuma kisindano kidogo hivi, kinaziba tundu. Mafuta yanasimama. Umenielewa?"

"Endelea."

"Sasa pikipiki ikilala miaka, yale mafuta yaliyobaki yanakauka, yanaacha gundi. Kisindano kinanata. Siku unatia mafuta mapya, boya linapanda, kisindano kimegoma. Mafuta yanaingia tu, bakuli linafurika, yanatokea kwenye huu mrija mpaka chini. Kama hapa chini kuna magunia, basi magunia yatakunywa. Tena angalia waya wa plagi, panya wameutafuna hadi ndani. Ukipiga kiki, cheche zinarukia nje badala ya ndani. Shughuli imekwisha."

Kwa mara ya kwanza tangu Jumanne, Inspekta alihisi kifua kinamlegea. Gundi na panya. Ajali tupu! Angempigia Mkuu wa Kituo simu sasa hivi, na mama wa wale vijana angerudishiwa angalau mmoja.

"Fungua tuione hiyo gundi," alisema.

Fundi akachukua bisibisi, akainama. Kisha akaiweka chini.

"Nani ameifungua hii kabla yangu?"

"Sisi hatujaigusa."

"Basi kuna mtu amepita hapa. Hebu sogea. Vichwa vya skrubu hivi vina kutu ya miaka, lakini hapa katikati pamechanika na panang'aa. Na hii si kazi ya bisibisi, afande. Bisibisi ya nyota haichani hivi. Huyu ametumia ncha ya kisu."

Inspekta akaandika.

Skrubu nne zikatoka. Bakuli likashuka. Fundi akaligeuza kwenye mwanga, akalipitisha kidole, kikatoka na rangi ya kahawia. Akachomoa kipini, akatoa boya la shaba, akalitikisa sikioni kusikiliza kama lina mafuta ndani. Halikuwa nayo. Akaingiza kidole pale boya lilipotoka, akachungulia, akawasha tochi ya simu, akachungulia tena.

Fundi Kimya akanyamaza.

"Nini?" Inspekta aliuliza. "Sema basi."

"Sindano haipo."

"Imenata?"

"Afande, kilichonata huwa kipo. Hii haipo."

"Imeungua."

"Shaba? Kwa moto wa ndoo tatu za mchanga? Mbona boya halijabadilika hata rangi?"

"Basi imedondoka, au fundi wa zamani aliisahau kuirudisha kabla pikipiki haijawekwa." Alijisikia anabembeleza, na hakupenda.

Fundi akamsogezea tochi. "Angalia mwenyewe. Gundi imezunguka tundu lote, sivyo? Lakini hapa katikati, panapokaa sindano, pasafi. Maana yake sindano ilikaa hapa miaka yote hiyo, gundi ikajengeka kuizunguka. Imetoka juzijuzi. Na haiwezi kutoka yenyewe. Lazima uchomoe kipini, utoe boya, utoe sindano, kisha urudishe boya na kipini, ufunge bakuli. Huyu alirudisha kila kitu isipokuwa hicho kimoja. Samahani, afande. Nimeona ulivyokuwa unataka."

Inspekta alimwambia wapime.

Fundi akatoa sindano kwenye kabureta nyingine ya aina ile ile, akaiweka, akafunga bakuli, akatia lita mbili tangini na kufungua koki. Walisubiri. Mrija ulibaki mkavu. Akafunga koki, akaitoa ile sindano ya kuazima, akafungua tena, na safari hii petroli ilitiririka kama mtoto anakojoa. Inspekta akakinga chupa ya nusu lita, macho kwenye saa. Ilijaa kwa dakika mbili na nusu.

Hesabu ilikuwa nyepesi. Lita mbili, dakika kumi. Swali ndilo lilikuwa gumu. Mtu gani mwenye akili zake anafungua koki ya mafuta, anaiacha peke yake dakika kumi, ndipo anarudi kupiga kiki?

* * *

Mama wa wale vijana alikuwa anafunga kikapu cha kupeleka hospitali. Shuka safi, taulo, chupa ya chai. Alimkaribisha Inspekta jikoni bila kuinua macho, akamsukumia kigoda.

"Kama umekuja kuniambia amekufa, niambie nikiwa nimekaa," alisema.

"Hapana, mama. Mgonjwa yuko vile vile. Nina maswali machache tu."

"Una watoto, mwanangu?"

"Wawili."

"Basi uliza taratibu."

Inspekta akauliza taratibu. Magunia yale aliyaweka nani pale stoo? Mama akashangaa. Magunia yapo miaka yote, aliyatandika marehemu ili mafuta machafu yasiharibu sakafu. Inspekta akalifungua daftari na kulikata lile neno lake, "yaliyolowekwa," kwa mistari miwili. Chupa ya petroli je? Kaka mtu alimtuma mdogo wake aende kununua, Jumatatu, maana mnunuzi alikuwa anakuja Jumanne kuiona. Mdogo alinung'unika, lakini alikwenda, akatia tangini mwenyewe. Hata neno la kutumwa na kaka yake, kijana alikuwa hajalisema kituoni! Mtu anakaa na maneno ya kumwokoa, na amefunga mdomo. Jambo hilo lilimtia Inspekta wasiwasi zaidi ya yote.

"Sanduku la vifaa la marehemu liko wapi?"

"Lile pale, chini ya meza. Lina kufuli. Ufunguo aliuchukua mwanangu mkubwa aliporudi, alikuwa nao mfukoni siku zote."

Kwa hiyo kaka mtu alikuwa na bisibisi zote za dunia. Asingehitaji kisu.

"Naomba nione visu vya jikoni, mama."

Vilikuwa vitatu, kwenye kopo. Cha tatu, kifupi cha kumenyea, kilikuwa kimepinda ncha, na kwenye upinde ule kulikuwa na weusi wa grisi. Mama akakitazama. Akamtazama Inspekta. Si mjinga, mama yule, aliolewa na mtu wa pikipiki miaka thelathini.

"Kilipinda lini?"

"Jumanne asubuhi nilikikuta hivyo." Akakaa kitako kwenye kigoda kingine, shuka la hospitali mapajani. "Amefungua nini?"

"Kabureta. Ametoa sindano. Mama, nieleze asubuhi ile. Kaka mtu alikwenda stoo, akafungua koki. Halafu?"

Nje mtu alikuwa anafagia.

"Nikikujibu, utamfunga?"

"Sijui. Sitakudanganya. Lakini nisipojua, saa nane anaondoka na shtaka la kujaribu kuua."

Mama alilikunja shuka, akalikunjua, akalikunja tena.

"Baba yao alikuwa hapigi kiki mpaka anywe chai," alisema. "Anafungua koki, anasema pikipiki ni mzee kama yeye, nayo iachwe inywe kwanza. Anakuja kusimama hapo mlangoni na kikombe chake. Hakai. Chai ikiisha, anakwenda kuiwasha. Kila siku ya Mungu, mpaka alipoanguka. Watoto walikua wakiona hivyo." Akafuta uso kwa lile lile shuka. "Jumanne, yule mkubwa alifungua koki, akaja kusimama hapo hapo. Nikampa kikombe. Tulikuwa hatujazungumza vizuri tangu arudi, kwa habari ya kuuza. Lakini nilipomwona amesimama vile, loo, nilifurahi. Nikamwongezea chai. Umesikia, mwanangu? Mimi ndiye niliyemwongezea."

Inspekta alimshika mkono, kikapu katikati yao.

"Usinichukulie wote wawili," mama alisema.

* * *

Mkuu wa Kituo alimsikiliza bila kumkatiza, na hiyo haikuwa dalili njema. Alipomaliza, Mkuu akagonga meza kwa kalamu.

"Umeifanya kesi iwe nzito zaidi, unajua? Mwanzo tulikuwa na kijana aliyemwaga petroli kwa hasira. Sasa tuna kijana aliyetoa kifaa kwa siri, na nyumba nzima inajua koki ikifunguliwa huachwa wazi mpaka chai iishe. Hapo amehesabu dakika. Huo ni mtego, Inspekta."

"Au alitaka pikipiki igome mbele ya mnunuzi. Kabureta inayofurika haiwashi injini. Mnunuzi angeondoka zake."

"Inawezekana. Basi nipe kinachotofautisha hayo mawili. Una saa moja na nusu."

Inspekta alitoka nje. Sindano yenyewe iko wapi? Mtu akitega mtego, kifaa hukitupa chooni au mtaroni. Akitaka kukirudisha, atakiweka karibu. Akaenda moja kwa moja mapokezi, akaomba daftari la vitu vya mahabusu.

Konstebo wa zamu akamsomea kwa sauti ya mtu anayesubiri chakula cha mchana. "Simu moja. Mkanda mmoja. Funguo mbili. Kimsumari kimoja cha shaba."

"Kimsumari?"

"Kina ncha, afande."

"Mtu amekamatwa kwenye kesi ya moto na pikipiki, mfukoni ana kidude cha shaba chenye ncha, na wewe umeandika kimsumari!"

"Basi ningeandika nini?" konstebo alijitetea. "Mimi si fundi."

Akamimina bahasha kaunta. Kilikuwa kidogo kuliko punje ya mchele mrefu, ncha yake ya mpira imegeuka kahawia kwa gundi. Kilikuwa kimefungwa ndani ya karatasi ya daftari, kikakunjwa mara nne. Kitu cha kutupwa hakifungwi hivyo.

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza, viti vitatu na dirisha lililogoma kufungwa. Kijana aliletwa, akakaa, akaangalia meza. Mkuu mwenyewe alikuja kusimama karibu na mlango. Inspekta aliifungua ile karatasi, akaiweka katikati.

Kijana aliiangalia sindano.

"Nilikuwa niirudishe jioni," alisema. Sauti ilikuwa imekauka kwa kukaa bila kutumika. "Mnunuzi akishaondoka."

"Uliitoa lini?"

"Jumatatu jioni. Kaka alikuwa amelala. Sikuwa na bisibisi."

"Kwa nini hukusema? Siku tatu!"

"Niseme nini? Nimefanya mimi. Nilimsikia anavyolia mle ndani, afande. Ningesema sikukusudia, ingemtoa huko?"

"Ingekutoa wewe hapa."

"Mimi sijaomba kutoka."

Swali lililobaki Inspekta hakutaka kuliuliza, na hakukuwa na mwingine wa kuliuliza. Alimtazama Mkuu, Mkuu akatazama saa ya ukutani. Saa saba na dakika ishirini.

"Nisikilize vizuri, na ujibu kweli tupu," alisema. "Baba yako alikuwa anafungua koki, anaiacha, anakwenda kunywa chai. Ulilijua hilo?"

"Nani asiyejua?"

"Kwa hiyo ulijua mafuta yatamwagika kwa dakika kumi kabla hajapiga kiki."

Kijana akainua uso kwa mara ya kwanza, amekunja paji kama mtu aliyeulizwa kwa lugha ngeni.

"Hapana! Yeye si baba. Yeye ana haraka. Angefungua na kupiga kiki pale pale, ingegoma, angesikia harufu, angeona mrija unatiririka, angefunga. Angetukana kidogo. Basi." Kisha maneno yakamtoka kwa fujo. "Afande, kaka hakuja kumzika baba. Miaka minne, simu mara mbili kwa mwaka. Amerudi, siku ya tatu tu anatafuta wa kumuuzia pikipiki. Hajauliza hata kaburi liko wapi. Nikasema huyu ameshasahau kila kitu. Baba alivyokuwa, alivyofanya, yote yamemtoka. Angeikumbuka vipi chai?"

Inspekta aliona uso wa kijana unabadilika polepole. Siku tatu zote alikuwa amejiuliza moto uliwezaje kuwa mkubwa vile, na sasa jibu lilikuwa linamfikia, na hakukuwa na namna ya kulizuia.

"Aliiacha koki wazi?" aliuliza.

"Aliiacha."

"Akaenda wapi?"

Angeweza kumficha. Lakini jioni au kesho angelisikia kwa mtu mwingine, pengine kwa mtu mbaya.

"Alikwenda kusimama mlango wa jikoni," Inspekta alisema. "Mama yako akampa kikombe. Akakinywa akiwa amesimama, mpaka kikaisha."

Kijana aliweka mikono yote miwili mdomoni. Alilia bila sauti, mabega yanapanda na kushuka, na wale maafisa wawili, wenye miaka hamsini ya kazi wakijumlishwa, hawakujua waangalie wapi.

Mkuu ndiye aliyesogea kwanza. Akalichukua jalada mezani, akaitoa karatasi ya mashtaka, akakata mstari wa kwanza na kuandika juu yake kwa herufi kubwa: kusababisha majeraha kwa uzembe. Akatia sahihi, akampa Inspekta, akatoka.

Inspekta alimsomea kijana shtaka jipya, mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza hakuonekana kusikia. Akamweleza kwamba kwa kosa hilo anaweza kupewa dhamana leo leo, na kwamba hospitali imepiga simu saa sita kusema mgonjwa amefungua macho na kuomba maji.

"Hilo ni jema," alisema, akijaribu kuchangamka. "Mama yako yuko wodini. Tukitoka mahakamani njia ni moja na yangu, nitakufikisha mwenyewe. Simama twende."

Kijana akafuta uso. Akaitikia kwa kichwa, akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili, akakaza vidole.

"Nasimama, afande," alisema.

Inspekta alisubiri na mlango mkononi. Konstebo alipita, akachungulia, akaenda zake. Saa ya ukutani ikafika saa nane kasoro kumi, na kijana alikuwa bado ameketi, ameishika ile meza, anasema anasimama.